Mvua Iliyofutwa Kwenye Mkanda

Kama na wewe umeambiwa kwamba kifua chako ni kile sugu, kile ambacho vidonge vya kawaida vinakichekea, kaa hapa nikwambie. Habari za vijidudu sitakueleza. Hizo daktari atakuchorea kwenye karatasi, na wewe utaitikia kwa kichwa kama nilivyoitikia mimi, huku huelewi lolote. Mimi nitakueleza habari za masikio yangu, na mume wangu, na filamu moja ya Kimeksiko. Ukiona nazunguka, vumilia. Mimi mtu wa Tanga, na Tanga hatuna njia fupi ya kulifikia jambo.

Mume wangu anaitwa Mbwana. Hapa Malvern, Johannesburg, kwenye Mtaa wa Jules, wanamjua kama fundi wa simu mwenye kimeza nje ya duka la mapazia. Lakini mimi nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Kwetu, miaka ya tisini, alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video. Kwa asiyejua kazi hiyo: ikiwekwa filamu ya Kihindi au ya Kichina, mtafsiri anakaa nyuma gizani na kipaza sauti, anawasemea wote waliomo, mwanamume, mwanamke, mtoto mchanga, hata mbwa. Kihindi hakijui. Kichina hakijui. Anachojua ni kwamba watu wameshakaa kwenye mabenchi na wanataka hadithi.

Nyumba yetu ilipakana ukuta na kile kibanda. Mama hakutaka nikanyage mle, akisema ni mahali pa wahuni, kwa hiyo nikawa nakuna nazi zangu pale ukutani. Miezi mitatu nasikiliza sauti ya mtu nisiyemjua, nzito, ya taratibu, inayofika mwisho wa sentensi kama mtu anayetua mzigo. Siku mama alipokwenda msibani Muheza, nikaingia. Siku hiyo walikuwa wanaonyesha hiyo ya Kimeksiko.

Ilikuwa filamu ya zamani hasa, nyeusi na nyeupe, ya kutisha, na mkanda wenyewe aliuacha baharia mmoja ambaye hakurudi tena kuuliza. Ulikuwa umechakaa. Mistari myeupe ilishuka kutoka juu hadi chini ya kioo bila kukoma, na spika zilitoa mshindo wa chaaa, tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa Mbwana hakujua kwamba ule ni uchakavu wa mkanda. Yeye aliona mvua. Akasema kwa ile sauti yake, "Tazameni mvua ya Meksiko, jamaa zangu, hainyeshi nje tu, inanyesha hadi sebuleni." Mtu mmoja mbele akauliza mbona basi hawalowi. Mbwana hakubabaika hata kidogo. Akajibu, "Hii ni mvua ya kijini. Hailowanishi. Inamtafuta mtu mmoja tu."

Na hadithi nzima akaijenga juu ya mvua hiyo. Kulikuwa na fundi wa mishumaa, mtu mpweke, ameoa mwanamke mzuri kumbe ni jini, na jamaa zake wa kijini wanamwaga mvua usiku na mchana ili wamrudishe kwao. Mwishoni yule mwanamke anatembea kwenye ukumbi mrefu, amevaa gauni jeupe, mkononi ana mshumaa, na watu wa mji wanamkimbia. Mbwana akamsemea: "Msinikimbie. Kosa langu ni kupenda tu." Wanaume wazima walijifuta macho kwa mikono ya mashati. Mimi nilitoka mle nimeshaamua, na mwaka uliofuata nikaolewa na ile sauti.

Tulifika Johannesburg na begi moja. Rukia akazaliwa hapa, akakua anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au kwa Kizulu, kama mtu anayepokea zawadi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nauza maandazi na sambusa, Mbwana na simu zake. Maisha hayakuwa mabaya.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, baridi ilipoanza, nikaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi la Joburg, kila mtu hukohoa. Nikakohoa mpaka sketi ikawa inanizunguka kiunoni, mpaka usiku nikawa nabadilisha shuka kwa jasho wakati nje maji yanaganda kwenye ndoo. Makohozi yakapimwa, yakapimwa tena, kisha nikaitwa pembeni na muuguzi aliyekuwa amevaa barakoa, na kabla hajasema nilijua, maana wiki iliyopita hakuwa ameivaa. Nikalazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua, nje kidogo ya mji, penye uzio na miti mingi. Nikakaa miezi minne.

Mbwana alikuja kila Jumapili. Tulikaa nje, yeye benchi lake, mimi langu, tukaongea kwa mbali kama watu wanaodaiana. Jambo moja hakuniambia. Majirani wote wa Malvern alishawaambia kwamba Mama Rukia amekwenda Tanga kumuuguza mama yake. Nililijua siku niliporudi nyumbani. Nimeshuka tu kwenye gari, sina nyama mashavuni, mwenye spaza, kile kiduka cha kona, ananiuliza, "Habari za Tanga?" Mwingine anauliza mama anaendeleaje. Mama yangu yuko kaburini mwaka wa sita. Nikawajibu hajambo, anawasalimu, na machungwa ya Muheza mwaka huu ni matamu sana. Nikaingia ndani nikamtazama Mbwana. Akasema, "Nilikusitiri." Nikamwambia mtu husitiri kilicho cha aibu. Hatukuongea siku tatu.

Madaktari walisema sasa siambukizi, naweza kulala nyumbani mradi madirisha yawe wazi, lakini sindano inaendelea, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Basi asubuhi nikawa napanda teksi, ndiyo daladala ya huku, hadi kliniki, nakaa foleni kwenye benchi la nje chini ya mjakaranda, maua ya zambarau yananiangukia mapajani. Sindano zile ni za takoni, na takoni mwangu hakukuwa kumebaki kitu. Muuguzi alikuwa anatafuta mahali pa kuchoma kama anayetafuta sarafu iliyodondoka mchangani. Kisha vidonge, kiganja kizima, mbele ya macho yake. Kisha kutapika nyuma ya tangi la maji. Mtu hazoei, lakini anajua tangi liko wapi, na hiyo nayo ni nafuu.

Hapo kwenye benchi ndipo nilipompata Esperansi. Ni Mrundi wa Bujumbura, Mkristo wa kufunga na kuomba, anauza vitenge. Alinitangulia matibabu kwa miezi mitano, na alikuwa haisikii hata honi ya lori. Ukiongea naye anakukazia macho mdomoni mpaka unaona haya. Nikamuuliza, kwa kuandika kwenye nyuma ya kadi yangu, imekuwaje. Akacheka. "Ni sindano hizi. Miye masikio nimemwachia Mungu, weye. Mapafu nimebaki nayo." Nikacheka naye, lakini kwa hofu.

Maana masikioni mwangu tayari yalikuwa yameanza. Kwanza ilikuwa nyenje, mmoja tu, sikio la kulia. Halafu ukawa ule mshindo wa chaaa, masikio yote mawili, mchana kutwa. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu bila kumwambia muuguzi, nikidhani litapita. Wewe usifanye hivyo. Siku ile ile sikio linapolia, sema. Kuna wenzangu waliosema mapema, wakabadilishiwa dawa, leo wanasikia hadi mbu.

Walinipima ndani ya kijichumba kama kabati, nimevaa vidude masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa na kidole tayari, nikingoja. Nilipotoka nikamwambia yule binti aliyenipima kwamba mashine yenu haikuwashwa. Hakucheka. Sauti nyembamba zilikuwa zimeshaondoka: filimbi ya birika, ndege, simu. Baada ya wiki mbili ikaondoka sauti ya Rukia. Mwanangu anafungua mdomo mbele yangu na mimi napata nusu ya maneno, yaliyokatwa vichwa. Iliyobaki nzima ni moja, kwa sababu ni nzito, nayo ni ya Mbwana.

Na Mbwana naye akaanza kunyamaza. Alichoka kurudia. Kila kitu mara tatu, kwa sauti ya juu, mpaka jirani anagonga ukuta. Mtu aliyewahi kuwasemea mbwa na maharamia sasa ananionyesha chumvi kwa kidole. Nilikuwa nalala nimempa mgongo, nikihesabu maneno aliyoniambia tangu asubuhi. Siku moja yalikuwa manne.

Daktari akaniwekea mambo wazi. Dawa nyingine ya kubadilishia kwa kifua changu hawakuwa nayo. Imebaki miezi mitatu ya sindano. Wakiniacha nisichomwe, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi hawana tena cha kunipa. Wakiendelea, kilichobaki masikioni kitakwenda. Aliandika yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kisha akanitazama kwa huruma ya kweli. Nikaikunja karatasi, nikaiweka ndani ya sidiria, na sikumwonyesha mtu.

Jumatano iliyofuata nikatoka nyumbani kama kawaida. Teksi ikapita kliniki, mimi nimekaa. Nikashuka Marshalltown, katikati ya mji, nikakaa kwenye ngazi za ofisi moja, karibu na wanaouza mikanda ya suruali na chaja, nikawatazama watu hadi saa sita. Kesho yake hivyo hivyo. Siku saba za sindano nikazitumia kwenye zile ngazi. Sitajisifia wala sitajilaani. Nilitaka kubaki na sauti moja, basi.

Ikafika Ijumaa ya Desemba. Mbwana alirudi kutoka msikitini na boksi mkononi. Duka la kuazimisha filamu huko Randburg lilikuwa linafungwa, watu siku hizi hawaazimi, na rafiki yake alimletea dividii zilizobaki. Akalimwaga boksi juu ya zulia, na katikati ya makava hayo tukamwona. Yule mwanamke wa gauni jeupe, na mshumaa wake. Nilimtambua kabla Mbwana hajamtambua. Rukia, aliyekuwa likizo, akalisoma kava, akatuandikia kwenye daftari: imesafishwa picha kwa picha, sauti imetengenezwa upya, ya kutazama nyumbani. Mbwana alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Leo mtaona kazi," akasema, nami nikamsikia.

Tukakaa. Ikaanza. Na kweli walikuwa wameisafisha. Unaona nyuzi za gauni. Unaona nta ikitiririka. Nilikaa nikingoja, dakika kumi, robo saa, na mwishowe nikauliza, "Mvua iko wapi?"

Mbwana naye alikuwa anaitafuta. Alikuwa amesogea hadi karibu na kioo, mikono magotini. Hapakuwa na tone. Usiku wa filamu ile ulikuwa mkavu kabisa, na nyota juu. Nyumba kavu, njia kavu, vumbi linatimka miguuni mwa farasi. Rukia alicheka mpaka akajilaza, maana hadithi ya mvua ya kijini amelelewa nayo. Nami nilicheka. Ile chaaa waliyoifuta kwenye filamu ilikuwa imehamia kichwani mwangu, lakini nilicheka.

Kisha tukaanza kusoma maandishi ya chini. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini yale yalikuwa maneno mafupi. Jini hakuwemo. Alikuwa mke wa mtu, ameugua. Fundi wa mishumaa alimfungia chumba cha juu, na wateja wakimuuliza, aliwajibu kwamba mkewe amekwenda kwao kuwatazama wazazi wake. Miaka ikapita, wakamsahau. Siku aliposhuka na mshumaa wake wakadhani ni mzimu, wakakimbia. Na maneno yake pale ukumbini, yale Mbwana aliyowaliza nayo watu wa Tanga, yalikuwa haya: "Mimi si maiti. Mimi ni mgonjwa."

Rukia aliacha kucheka. Mimi sikumtazama Mbwana. Nilitazama mikono yangu, ilivyokuwa na mishipa ya mtu mzima kuliko mimi. Nikaona simu yangu mezani inawaka. Inaita, na mimi siisikii. Mbwana akaichukua.

Niliuona uso wake ukibadilika bila kusikia neno. Akaikata simu. Akanishika bega, akanigeuza.

"Kliniki. Wanasema hujaenda tangu wiki iliyopita."

Nikaichukua simu mkononi mwake, nikailaza kifudifudi mezani.

"Unataka kufa, Mwanahawa?"

"Nataka kukusikia," nikasema. "Wakinichoma tena nitakukosa wewe. Rukia nimeshamkosa. Nimebaki na wewe tu, na wewe mwenyewe huongei."

Nilidhani atafoka. Alikaa chini kwenye zulia, kati ya zile dividii, akajifunika uso. Alipouondoa mkono, aliongea taratibu, ili nipate kila neno. "Kwa hiyo unakufa kwa ajili ya maneno yangu? Mimi huyu? Hata mvua niliitunga."

Akainuka. Akamwambia Rukia airudishe filamu mwanzo na azime sauti. Akavuta pazia, jua la mchana likaingia, naye akasimama pembeni ya kioo, uso wake kwangu, na akaanza. "Tazameni mvua ya Meksiko, jamaa zangu." Aliifanya yote, kwa sauti ndogo, sikusikia ila mngurumo wake kwa chini. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa namwona. Miaka kumi na saba ya ndoa na sikuwahi kumwona akitafsiri, maana kule alikaa nyuma yetu gizani. Kumbe akimsemea mwanamke huinua kidevu. Kumbe akitunga uongo nyusi zake hupanda kabla neno halijatoka, zote mbili. Kumbe pale ukumbini, kwenye maneno ya yule mwanamke, hulia na yeye.

Alipofika hapo akakatiza. Akanitazama. Nyusi zake hazikupanda. "Niliona aibu," akasema. "Nikakufungia juu. Nisamehe." Kila neno nililipata, na sidhani kama ni kwa masikio.

Jumatatu alifunga kimeza chake, akanisindikiza. Mwenye spaza akatuuliza kwa tabasamu kama tunakwenda mjini. Mbwana akasimama pale pale, watu wa foleni ya mkate wanasikia. Nilikuwa namtazama mdomo. "Nampeleka mke wangu sindano. Ana kifua kikuu. Tanga hakwenda, niliwadanganya." Yule mzee wa spaza akabaki na mkate mkononi. Kisha akasema eish, kama wasemavyo huku mtu akiguswa, akatupa ndizi mbili, na hakutaka kupokea hela. Kwenye benchi la kliniki nilimwandikia Esperansi yaliyotokea, naye akamkagua Mbwana kutoka juu hadi chini, akaniambia kwa ile sauti yake isiyojua ni kubwa kiasi gani, "Huyu ndiye uliyekuwa unataka kumfia? Ana masikio makubwa huyu, atasikia kwa niaba yenu wawili." Foleni nzima ikacheka, na muuguzi akachungulia dirishani kuona kuna nini. Aliponiona hakunigombeza. Alivuta kadi yangu akaandika.

Nilimaliza sindano majira ya mvua yalipokuwa yanaisha, na vidonge baridi ya mwaka wa pili yake. Nimepona. Makohozi yangu ni safi, sketi imenirudi mwilini, maandazi yamerudi mtaani. Kifaa cha masikio walinipa, na kinanipa mngurumo tu, lori na redio ni kitu kimoja. Rukia sasa ananisemesha Kiswahili, kwa sababu ndicho ninachoweza kukisoma mdomoni; lafudhi sijui, lakini Mbwana anasema ni mbovu. Tunagombana, tunacheka. Mtu akija nyumbani na kadi mpya ya kliniki mkononi, namkaribisha, nampa chai, na simfichi kwamba ni ngumu.

Wengi huniuliza neno la mwisho nililolisikia kwa masikio yangu. Wanataka niwaambie kitu kitamu. Mimi sikujua kwamba ni la mwisho, hakuna anayekuja kukutaarifu. Ilikuwa asubuhi ya Machi, tunatoka kwenda kliniki, Mbwana ameshika funguo mlangoni, na ile sauti niliyoolewa nayo ikaniuliza, wazi kabisa, "Jiko umezima?"

Nikamwambia nimezima.